Kumfungia mnywaji chumbani kunaweza kumuua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na familia zinazouguza mtu aliyezama kwenye pombe. Wengi, wakishachoka, humfungia chumbani na kumnyang'anya hela na simu mpaka "pombe imtoke". Wanaamini anakunywa kwa kukosa msimamo tu, na kwamba akibanwa ataacha. Kwa aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, kubanwa huko kunaweza kuwa kifo.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo, nao ubongo hujizoesha kwa kuchangamka kupita kiasi ili mtu aendelee na shughuli zake. Pombe ikikatwa ghafla, mchangamko ule hukosa wa kuuzuia. Saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho mikono hutetemeka hadi chai inamwagika kikombeni, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ndiyo maana huzimua alfajiri: hatafuti raha, anatafuta mikono itulie. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, wakapata homa, wakaona nyoka au wadudu ukutani. Hapo ndipo majirani husema karogwa au ana mapepo, akapelekwa kwa mganga au kwenye maombi, ilhali anatakiwa kulazwa hospitali usiku huohuo.

Hospitali hutumia diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa takribani wiki moja. Huchomwa pia vitamini B1, tena kabla ya dripu ya glukosi, kwani glukosi ikitangulia kwa aliyeishiwa vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika na kumbukumbu isirudi. Msimnunulie diazepamu dukani: ikikutana na pombe huweza kuzima pumzi. Wala asikatishwe pombe ghafla kabla hajaonwa na daktari.

Mkifika, semeni kweli: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho saa ngapi, amewahi kuanguka degedege? Familia nyingi huficha kwa aibu, mgonjwa akaandikiwa dawa ya malaria huku saa zinakwenda.

Wiki hiyo ya dawa humvusha tu kwenye hatari ya kukatisha pombe. Hamu hubaki kwa miezi, na wengi hurudia kunywa katika miezi ya mwanzo. Hapo ndipo maneno "si tulisema!" huumiza zaidi, kwa sababu humfanya afiche badala ya kurudi kliniki mapema, kabla hajafika tena kwenye kunywa kila siku. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Dawa hubadilishwa, ushauri nasaha huongezwa, na vikundi vya wenzake walioacha humsaidia jioni zile ngumu.

Nawaomba waajiri pia: anayetoka matibabuni msimwachishe kazi. Mpangieni zamu isiyogongana na siku yake ya kliniki, na mshahara wake, akiridhia mwenyewe, upitie kwa ndugu anayemwamini kwa miezi ya kwanza, maana siku ya mshahara ndiyo inayowaangusha wengi.

Muuguzi wa afya ya akili,
Moshi