Tunaambiwa hatusomi sheria. Tuzisomee wapi?

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya maktaba ya sheria ya Los Angeles niliisoma yote, na ni aya yake ya mwisho iliyonifanya nishike kalamu. Gazeti lenu nalisoma tangu nilipoanza kufundisha, na sijawahi kuwaandikia. Mwandishi wenu alieleza vizuri: maktaba iliyoanzishwa mwaka 1891, inayofunguliwa kwa kila mtu, jaji, avoka (wakili) na mama wa kawaida anayegombana na mwenye nyumba, wahudumu wake hawakutetei wala hawakushauri namna ya kushinda kesi, ila wanakuonyesha kitabu, ukurasa na fomu inayotakiwa. Halafu akamalizia kwamba kitu kama hicho hapa Lubumbashi kingekaa bure, maana watu wetu hawapendi kusoma.

Hilo nalikataa. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 62, inasema hakuna anayehesabiwa kuwa haijui sheria. Nakubali. Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 142, inaiagiza Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu sheria itiwe sahihi. Kiswahili chetu kimo kati ya hizo nne, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Kifungu cha 62 tunakumbushwa kila tunapokamatwa na kosa. Cha 142 sijawahi kumsikia mkubwa yeyote akikitamka mbele ya raia. Kabla ya kusema watu hawasomi, mwandishi wenu angeuliza kwanza wamewekewa nini cha kusoma, na fasi gani.

Nitawaeleza yaliyonipata. Nilipohama nyumba, mwenye parsele, yaani mwenye nyumba, alitaka garanti (feza ya dhamana) ya kodi ya miezi sita, yote kwa dola, yote siku moja. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba kuna sheria inayozuia mambo hayo, lakini kusikia kwa watu si kitu cha kumpelekea mwenye nyumba. Nilitaka karatasi. Nilitaka kumwekea kifungu mezani, kwa heshima, nimwambie: baba, soma mwenyewe. Nikaenda kwenye jengo moja la serikali ambamo najua kuna chumba cha vitabu vya sheria, kwani nilikuwa nimeyaona makabati yake mlango ukiwa wazi. Kijana wa mlangoni akaniuliza kama mimi ni avoka. Nikamwambia ni mwalimu. Akaniambia chumba kile ni cha magistra (majaji na waendesha mashtaka) na maavoka, nami nitafute avoka wangu. Nikamweleza kwamba sitaki kuazima kitabu, nataka kukaa pale kwenye benchi ya korido ninakili kifungu kimoja kwa mkono wangu, hata yeye akinisimamia. Akasema mama, sheria si ya kila mtu kuishikashika. Aliyasema bila ubaya wowote, ndivyo alivyofundishwa, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu kama angekuwa na ubaya ningemshitaki kwa mkubwa wake, lakini mkubwa wake naye angenijibu vilevile. Avoka wa kunisomea kifungu kimoja angetaka malipo yake, na malipo hayo pengine yangepita hiyo feza niliyokuwa natetea. Nikatoka. Mwenye nyumba hakungoja. Kulikuwa na mpangaji mwingine mlangoni na komisionere wake, yaani dalali wa nyumba. Nikalipa miezi sita. Baadaye mtoto wa jirani, mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, alinionyesha kwenye simu yake ile sheria ya nyumba za kupanga, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Kwa nyumba ya kuishi, garanti isizidi miezi mitatu. Mstari mfupi kabisa. Mstari huo umekuwepo miaka yote hii, na sisi tunalipa miezi sita, wengine kumi.

Msiniambie basi kwamba sikupenda kusoma.

Najua nitajibiwa kwamba sheria zipo kwenye intaneti, tovuti ya Leganet inaziweka bure. Ni kweli, na waliofanya kazi hiyo nawashukuru. Lakini mama anayeuza unga Katuba anunue mega za intaneti, afungue faili refu la Kifaransa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha ajue mwenyewe ni kifungu gani kimebadilishwa na sheria gani ya mwaka gani? Na Journal officiel, gazeti rasmi lenyewe, linatolewa Kinshasa. Kutoka huku kwetu hakuna anayepanda ndege kwenda kununua kifungu.

Na kwa kuwa maktaba hakuna, wanaotuuzia sheria ni vijana wa fotokopi walio barabarani. Siwalaumu, wanatafuta chakula. Ninacholaumu ni kwamba hakuna anayekagua wanachouza. Kitabu cha Sheria ya Familia wanachokianika kando ya njia mara nyingi ni kile cha 1987, bila mabadiliko ya sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Ya zamani ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Ya 2016 iliondoa sharti hilo. Sasa mwanamke ananunua kitabu kwa feza yake ya jasho, anasomewa na mtoto wake jioni, na anayojifunza ni kwamba hawezi kwenda tribinali (mahakamani) bila barua ya bwana. Namjua mmoja aliyeacha kudai kiwanja chake kwa sababu hiyohiyo. Kitabu kilimdanganya kuliko ambavyo mtu yeyote angeweza kumdanganya, kwa sababu kitabu tunakiamini. Na tena, sheria hiyo mpya inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto, badala ya 30 za zamani. Anayesoma kitabu cha zamani anafikiri amekwisha chelewa, anamwacha mtoto bila cheti, na ukifika wakati wa mitihani ya serikali ni sisi walimu tunaohangaika naye.

Mwandishi wenu angetusaidia zaidi kama angeeleza kwa urefu feza ya maktaba ile inatoka wapi. Kule California maktaba za sheria za wilaya hulipiwa hasa na sehemu ya ada ambayo mtu hulipa anapofungua kesi ya madai. Watu wanaogombana ndio wanaowanunulia wengine vitabu. Hilo halihitaji mfadhili wala mgeni. Hapa kwetu pia mtu akifungua kesi analipa kwa karani. Sehemu ndogo ya malipo hayo, yenye risiti yake, ingetosha kuanza.

Na mimi sisemi tujenge jumba. Nasema katika kila moja ya komini saba za jiji letu liwekwe kabati moja la chuma lenye vioo, meza mbili, na benchi za watu kumi na wawili. Ndani iwemo Katiba, Sheria ya Familia pamoja na ya 2016, Sheria ya Kazi ya 2002, ile ya nyumba ya 2015, ya kulinda mtoto ya 2009, ya ardhi ya 1973, na hapa kwetu kwenye shaba, ile ya machimbo na mabadiliko yake ya 2018. Ukurasa wa kushoto Kifaransa, wa kulia Kiswahili. Juu ya jalada, kwa herufi kubwa, tarehe ya badiliko la mwisho. Pafunguliwe saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, wakati mama wa soko amekwisha uza, na siku ya posho, Jumamosi, mchana kutwa. Ufunguo ashike mwalimu aliyestaafu. Asishike avoka anayetafuta wateja, wala mtu wa ofisi atakayeufunga akienda mazishini.

Ninyi nanyi mna kazi yenu, hata kama kabati hilo litachelewa. Mnayo nusu ya ukurasa wa nyuma ambayo kila Ijumaa inajaa matangazo ya bia. Tupeni robo yake tu. Kila wiki chapeni kifungu kimoja kwa Kiswahili, na namba yake na tarehe yake, ili mtu akate na kubandika mlangoni. Nitatafsiri mwenyewe bila malipo, na ninaye mwanasheria wa kukagua kazi yangu. Anzeni na garanti ya miezi mitatu, tena kabla ya mwezi wa tisa, maana shule zikifunguliwa watu wengi wanahama, na makomisionere wamekwisha anza kuzunguka.

Mwalimu, mpangaji,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi