Risala ya Klabu ya Jiografia na Historia, Tukuyu, kwa Mgeni Rasmi: Maharamia wa Baharini na Nguvu ya Kuwazuia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afande wetu mstaafu wa Jeshi la Wanamaji,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu,
Wazazi na wazee wetu wa Rungwe,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, tena bila mvua, jambo ambalo kwa Tukuyu si la kutegemea. Tunakushukuru na wewe, Afande, kwa kuacha shughuli zako na kupanda milima hii kuja kutusikiliza. Wazee waliopo hapa wametuambia tuseme ndaga fijo, yaani asante sana, nasi tunasema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muhula huu klabu yetu imesoma habari za maharamia wa siku hizi katika Bahari ya Hindi, na nguvu ya majini inayohitajika kuwadhibiti. Mada ilipobandikwa ubaoni, wenzetu wengine walicheka. Meli pekee waliyowahi kuiona wengi wetu ni MV Mbeya II kule Ziwa Nyasa. Lakini mbolea anayoweka mzazi kwenye mahindi, dizeli ya lori linalokwenda Tunduma, na shaba ya Zambia inayokatiza Mbeya kwa reli ya TAZARA, vyote vina safari ya baharini. Chai na parachichi zetu nazo huteremka kwenda bandarini. Bima ya meli ikipanda kwa sababu ya maharamia wa Ghuba ya Aden, kati ya Somalia na Yemen, mkulima wa Rungwe hapelekewi taarifa. Anakutana na bei mpya dukani.

Serikali kuu ya Somalia ilianguka mwaka 1991. Pwani yake ikabaki bila mlinzi, na meli za kigeni zikaingia kuvua bila ruhusa ya mtu. Katika mdahalo wetu, mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alishikilia kwamba maharamia walikuwa wavuvi waliolinda riziki yao. Kwa miaka ya mwanzo hoja yake ina ukweli, na alishangiliwa. Sisi wengine tulimjibu kwa mifano ya mwaka 2008. Septemba mwaka huo ilitekwa meli ya Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Novemba ikatekwa Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudi Arabia yenye shehena ya mapipa yapatayo milioni 2, takriban maili 450 za baharini kusini-mashariki mwa Mombasa. Anayelinda samaki wake hafuati mafuta umbali huo. Kufikia hapo ilikuwa biashara yenye wafadhili wa nchi kavu na mgawo wa kila mshiriki. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 zililipwa dola milioni 339 hadi 413 za kukomboa meli na mabaharia. Vijana waliopanda boti walipata sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Dunia ikajibu kwa manowari. Umoja wa Ulaya ulianza operesheni ya Atalanta Desemba 2008. Mwaka 2009 kikaundwa kikosi cha kimataifa cha CTF-151, na NATO ikaleta operesheni yake ya Ocean Shield. China, India na Urusi nazo zilipeleka meli zao.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Jiografia tulipochukua kalamu na karatasi. Tuchukue manowari inayokwenda maili 25 za baharini kwa saa. Meli ya mizigo ikiomba msaada ikiwa umbali wa maili 200, manowari hiyo itafika baada ya saa 8. Maharamia wenye boti za kasi, ngazi za ndoano na bunduki huweza kuwa juu ya sitaha katika muda usiofika nusu saa. Wakishashika mabaharia, manowari yenye mizinga mikubwa hubaki ikitazama, kwa sababu kupiga ni kuua mateka. Tulichokielewa ni kwamba nguvu ya majini haipimwi kwa ukubwa wa mzinga. Inapimwa kwa nani aliwahi kuona, na nani alikuwa karibu.

Kwa hiyo kilichosaidia ni mchanganyiko wa mambo. Meli zilipangiwa njia maalumu katika Ghuba ya Aden, zikapita huku manowari zikiilinda njia hiyo. Helikopta na ndege za doria zilipunguza zile saa 8. Meli za mizigo zenyewe zikafungwa seng'enge pembeni, zikaongeza mwendo, zikatenga chumba cha ndani ambamo mabaharia wote wangejifungia, ili komandoo akija asikute mateka mikononi mwa mtu. Nyingine zikabeba walinzi wenye silaha. Mashambulizi yaliyohusishwa na Wasomali, ambayo Ofisi ya Kimataifa ya Masuala ya Bahari (IMB) iliyahesabu 237 mwaka 2011, yalishuka hadi 15 mwaka 2013.

Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Manowari nyingi zilikamata watu, zikawanyang'anya silaha na kuwaachia, maana hapakuwa na mahakama iliyokuwa tayari kuwapokea. Majirani zetu Kenya na Shelisheli walikubali kuwashitaki baadhi yao. Halafu kuna jambo ambalo, kwa maoni yetu, halisemwi vya kutosha. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, taifa lolote linaweza kumkamata haramia katika bahari kuu. Ndani ya maili 12 kutoka pwani, mwenye mamlaka ni nchi yenye pwani hiyo. Ndiyo maana Juni 2008 Baraza la Usalama lililazimika kupitisha azimio namba 1816 ili manowari za nje ziweze kuingia maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali yake. Tanzania ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400. Ndani ya maili zetu 12 doria ni ya kwetu wenyewe. Oktoba 2011, maharamia waliposhambulia meli ya utafutaji wa mafuta ya Ocean Rig Poseidon katika bahari yetu, ni wanamaji wetu waliowakamata watu saba. Afande, habari hiyo iliposomwa darasani, hata yule mwenzetu wa kidato cha tatu alipiga makofi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tuandike risala hii. NATO ilifunga operesheni yake Desemba 2016. Machi 2017 ikatekwa meli ya Aris 13. Januari 1, 2023 mashirika ya meli yakaiondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa ya uharamia. Mwaka haukuisha. Desemba 2023, wakati macho ya wengi yalikuwa Bahari ya Shamu kwenye mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, meli ya Ruen ikatekwa. Machi 2024 ikafuata Abdullah ya Bangladesh, iliyokuwa imetoka Maputo na makaa ya mawe, ikiwa na mabaharia 23. Ruen iliokolewa na Jeshi la Wanamaji la India: manowari INS Kolkata, makomandoo walioshuka kwa miamvuli kutoka ndege kubwa, na operesheni ya takriban saa 40. Maharamia 35 walijisalimisha na mabaharia 17 wakatoka salama. Ni kazi ya kupigiwa saluti. Lakini India ina mahitaji yake, na siku ikiitwa kwingine itaondoka.

Hatusemi nchi inunue manowari za fahari. Bei yake ingejenga madarasa mengi, na sisi tunaokaa watatu dawati moja tunalijua hilo. Tunaona zaidi haja ya boti za doria za ukubwa wa kati zenye mafuta ya kutosha kutoka bandarini kila wiki, ndege za kuchungulia bahari, na rada zinazofanya kazi usiku. Chini ya Mwongozo wa Djibouti wa Januari 2009, makubaliano ya nchi za ukanda huu ya kupambana na uharamia, Dar es Salaam ilichaguliwa kuwa moja ya vituo vitatu vya kupashana habari, pamoja na Mombasa na Sana'a ya Yemen. Kituo kikipata habari na boti haina dizeli, habari hiyo inabaki kwenye daftari.

Klabu yetu ina wanachama wa kidato cha kwanza hadi cha sita. Hatuna ramani hata moja ya bahari. Tunayotumia tuliichora kwa mkono, na Kisiwa cha Mafia tumekifanya kikubwa kuliko Pemba. Tunaomba, Afande, utusaidie kupata ramani za bahari hata zilizokwisha muda wake. Tunaomba pia utuombee kibali cha kutembelea kambi ya wanamaji Kigamboni wakati wa likizo. Nauli wazazi wamekwisha kuanza kuchanga. Wasichana wa klabu wanataka uwaeleze leo hii, bila kuwaficha, masharti ya kujiunga na Jeshi la Wanamaji, na kama asiyejua kuogelea anapokelewa, kwa kuwa Mto Kiwira una maji ya baridi na mawe mengi, na wazazi hawaturuhusu kujifunzia huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.