Jumamosi tunatazama mdahalo: naomba uthibitisho

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu.

Kikao kimehamia Jumamosi hii, saa 9 alasiri, palepale Mwanjelwa. Si Jumapili tena.

Tutatazama rekodi ya Trump na Biden kule Cleveland, 29 Septemba 2020. Kwetu ilikuwa saa 10 alfajiri ya tarehe 30, wengi mliona vipande tu, na bado mnavibishania humu. Wapo wanaomlaumu mwongozaji, Chris Wallace. Mimi naona alizidiwa: Trump alimkatiza Biden mfululizo, mpaka Biden akamwambia anyamaze. Mdahalo wa mwisho, Nashville, maikrofoni ya mmoja ilizimwa mwenzake akitoa jibu la kwanza la dakika 2. Je, nasi tufanye hivyo kwenye midahalo yetu? Hilo ndilo nataka tulijadili kwa kina.

1. Chai na maandazi: sh. 2,000, kwa mhazini kabla ya Ijumaa jioni.
2. Mwenye spika aniambie.
3. Njooni na makoti, ukumbi una baridi kali.

Wa Uyole, tutamaliza mapema mpate daladala.

Tafadhali andika NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nipange viti.