Barua kwa Zuhura: viwango vya asili vya metali za teknolojia

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na kazi za maabara. Umeniuliza kama wastani wa metali za teknolojia (niobiamu, tantalamu, indiamu, jemaniamu na metali za ardhi adimu) katika gamba la dunia unatosha kuwa kiwango cha asili, yaani kiasi kilichokuwapo kabla ya uchafuzi, kwa mashapo ya ghuba za Kwale, pwani ya Kenya. Hautoshi, na hapo Kwale ndipo utakapokupotosha zaidi. Kilima cha Mrima kina mwamba wenye niobiamu na metali za ardhi adimu kwa wingi, na michanga ya kaunti hiyo ina ilmenaiti na rutili (madini ya titani) na zirkoni. Wastani wa dunia wa niobiamu ni takriban miligramu 12 kwa kilo. Ukipata zaidi ya hapo karibu na mlango wa mto, usikimbilie kulaumu viwanda.

Kiwango kitoke humo humo ghubani, kwenye tope lililolala kabla ya karne ya 20. Sukuma bomba la plastiki, kata tope sentimita moja moja, na tupa ukingo uliogusa bomba. Umri upime kwa risasi-210, risasi yenye mionzi inayopungua nusu kila miaka 22 hivi. Usitegemee sesiamu-137, mionzi iliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, kwani ni hafifu karibu na ikweta. Risasi-210 isiposhuka kabisa katika sentimita 20 za juu, kaa wa mikoko huenda wamelichanganya tope. Bomba hilo liache.

Saga tope kwa kinu cha agati, jiwe gumu. Kinu cha kabidi ya tungsteni huacha tungsteni, kobalti na hata tantalamu.

Uyeyushaji ndio unaoumiza vichwa. Niobiamu na tantalamu hujificha ndani ya ilmenaiti na rutili, kwa hiyo bila asidi ya haidrofloriki hutazipata zote, na zikibaki kwenye asidi ya nitriki peke yake zinaanguka chini ya chupa. Lakini mashapo yenu yamejaa chokaa ya matumbawe: floridi ya kalsiamu ikitengenezwa, inazinasa metali za ardhi adimu. Andaa myeyusho wa aina mbili: mmoja ubakie na haidrofloriki kidogo, mwingine uikaushe yote. Jemaniamu iwe na sampuli yake, isiyoguswa na asidi ya haidrokloriki, maana kloridi yake hugeuka mvuke na kupotea hewani kabla maji hayajachemka. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kuungua kwa haidrofloriki, iwe mezani muda wote.

Indiamu ndiyo ninayoiogopa zaidi. Wastani wake ni kama miligramu 0.056 tu kwa kilo, na mashine inayotenganisha atomi kwa uzito huisoma kwenye uzito 115, ambako asilimia 0.34 ya bati nayo hukaa. Bati ikifika miligramu 10 kwa kilo, jambo linalowezekana kwenye gati zenye rangi za zamani za meli, inakuongezea indiamu ya uongo ya takriban miligramu 0.035 kwa kilo. Pima bati-118 (bati ya uzito 118), zidisha usomaji wake kwa 0.014, kisha toa kwenye usomaji wa 115.

Chokaa pia hupunguza namba zote, kwa hiyo gawanya kila metali kwa alumini. Niobiamu linganisha na titani vilevile, kwani husafiri na ilmenaiti, si na udongo wa mfinyanzi. Ukitoa matokeo, andika upeo wa chini na wa juu wa vipande vya chini, vya kabla ya karne ya 20, si namba moja.

Nitumie namba za bati na titani za vipande hivyo kabla hujachora grafu, nami nitazipitia mara moja.

Wako,
Salim