Shoga, umepewa kipindi!

Mtanda, Lindi

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, ila Baba Shani mguu bado unamsumbua, anachechemea akitaka kuonewa huruma na anatembea sawasawa akiitwa kwenye bao. Barua yako nimeipokea kwa kondakta pamoja na zile doti mbili za kanga, nikaisoma papo hapo jikoni. Nilivyopiga kigelegele, wateja walidhani nimeposwa upya.

Kipindi cha mahojiano ya siasa, kila wiki, saa tatu usiku, na anayekaa kwenye kiti cha kuuliza ni wewe! Hongera, tena hongera. Enzi zile tunagombania kiti cha mbele kwa jirani kuangalia Kipima Joto cha ITV, ungeambiwa utakuja kuwa wewe, ungecheka.

Sasa umeniuliza watazamaji wa huku kusini wanataka nini. Mimi si mwandishi wa habari. Mimi ni mama lishe mwenye televisheni ukutani. Lakini kwenye mabenchi yangu wanakaa wavuvi, bodaboda, karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na mwalimu mmoja mstaafu anayebisha hata sala ikiadhiniwa, na rimoti naishika mimi. Kwa hiyo najua dakika hasa wanaposema, "Mama, tuwekee mpira."

Hawasemi hivyo mgeni akijibu ovyo. Jibu ovyo la kwanza wanalivumilia, wanaguna tu. Wanachoka pale muulizaji anapolipokea jibu hilo, akashukuru, akahamia mada nyingine. Juzi hapa kulikuwa na mheshimiwa mmoja, kituo sikitaji, kaulizwa habari ya mradi wetu wa kusindika gesi pale Likong'o. Kajibu kwamba tuko hatua za mwisho. Kijana wa watu akasema, "Ahsante sana Mheshimiwa, sasa tugeukie michezo." Mvuvi mmoja alikuwa anachomoa mwiba wa changu mdomoni, akauweka pembeni ya sahani, akasema, "Hatua za mwisho hizi nilizisikia mwanangu hajaanza shule. Sasa yuko sekondari." Benchi zima likaangua kicheko, na mheshimiwa hakuonekana tena usiku ule, maana nilibadilisha chaneli.

Na swali la pili lilikuwepo, shoga, tena jepesi. Juni 2022 Rais Samia alishuhudia makubaliano ya awali ya mradi huo yakisainiwa. Mei 2023 tukatangaziwa kuwa majadiliano na makampuni yamekamilika. 2023 ikaisha bila mkataba kusainiwa, na 2024 nayo ikaisha. Ungekuwa wewe, ungemuuliza tu: Mheshimiwa, majadiliano yalikamilika Mei 2023, ni kifungu gani kilichowakwamisha baada ya hapo? Halafu unyamaze. Usimsaidie. Mtu mzima akinyamaziwa mbele ya kamera hutafuta la kusema, na mara nyingi ndilo lenyewe.

Hapa ndipo nisipokubaliana nawe. Umeandika kwamba unataka uwe mkali, "kumbana mgeni mpaka atokwe jasho". Ukali hausaidii, utakuharibia. Huku kwetu mtu akimkatakata maneno mtu mzima, hata kama huyo mtu mzima ni mwongo, watu wanahamia upande wake. Nimewaona kwa macho yangu, mbunge waliyekuwa wanamsema vibaya tangu asubuhi, akawa "maskini, hebu mwacheni aongee". Heshima itunze, ila swali usiliachie. Liulize mara ya tatu kwa sauti ile ile uliyouliza mara ya kwanza.

Nimeipenda ile habari uliyonisimulia ya kipindi cha Wamarekani, Meet the Press, kwamba kiko kwenye televisheni tangu 1947 na kwamba wa kwanza kukiongoza alikuwa mwanamke, Martha Rountree. Nimewasomea wateja, mwalimu akabisha, nikamwambia akabishane na wewe. Kilichonigusa zaidi ni yule Tim Russert, aliyeanza kukiendesha 1991: alikuwa anaweka kwenye kioo maneno ya mgeni mwenyewe aliyoyasema zamani, anayasoma taratibu, kisha anamuuliza. Iga hiyo. Mgeni hawezi kusema umemkosea adabu wakati maneno ni yake. Na wewe una kitu ambacho mwandishi wa mkutano mmoja hana: kipindi chako kinarudi kila wiki. Waziri akisema "ndani ya miezi mitatu", iandike tarehe hiyo, uitangaze hapo hapo kwamba utamwita tena, na siku ikifika, mwite. Asipokuja, sema hakuja, bila kejeli, endelea na mgeni mwingine.

Wakikuomba maswali mapema, na watakuomba, wape mada tu. Yule anayekariri majibu anajulikana, macho yanakuwa yanatafuta karatasi.

Usikichukulie kipindi chako kuwa kidogo. Unakumbuka Januari 2016, serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa sababu ya gharama? Aliyetangaza alikuwa Nape Nnauye, waziri wa habari wakati huo, mbunge wa Mtama, jirani yetu kabisa. Watu hapa walizoea kumwona mbunge wao anavyosimama, anavyojikanyaga, anavyolala. Tukaanza kuletewa vipande vilivyochaguliwa usiku. Tangu hapo ndipo mahojiano ya wiki yakawa na uzito kwangu. Mtu amekaa, taa zinamwaka usoni, hana wa kumpigia meza.

Na usisahau Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Desemba 2012 watu waliandamana kuuliza bomba likienda Dar es Salaam, Mtwara inabaki na nini. Mei 2013 bajeti ya nishati ikasomwa bungeni, bomba palepale, mji ukawaka moto na watu wakafa. Nilikuwa kwa dada yangu siku hizo, tulilala chini ya kitanda na watoto. Sisemi kipindi cha televisheni kingezuia yale. Ila kati ya Desemba na Mei kuna miezi mitano, na sikumbuki jioni hata moja niliyomwona mkubwa ameketishwa, akaulizwa swali lile taratibu mpaka mwisho: asilimia ngapi, kwa halmashauri ipi, kuanzia lini. Hotuba zilikuwepo tele.

Korosho ndiyo usiseme. Karani wa AMCOS amenituma nikwambie hivi: ukimpata yeyote aliyekuwa serikalini Novemba 2018, Rais Magufuli alipoamuru korosho inunuliwe 3,300 kwa kilo na wanajeshi waje kuibeba, usimuulize kama uamuzi ulikuwa mzuri. Atakujibu ulikuwa mzuri. Muulize wakulima waliohakikiwa kwa tuhuma za kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho wa magendo, walilipwa lini, wa mwisho wao alilipwa lini, na ile korosho iliuzwa kwa bei gani. Mwalimu naye anataka umuulize kuhusu mgawo wa ushuru wa kusafirisha korosho nje uliobadilishwa Juni mwaka ule, lakini mwalimu anataka mambo mengi, chagua mwenyewe.

Jambo dogo la mwisho: punguza "Mheshimiwa". Moja mwanzoni na moja mwishoni zinatosha. Nauli ya muda wako wanailipa watu wa matangazo, usiitumie kwa vyeo.

Niandikie siku ya kipindi cha kwanza ili nisipike pweza usiku huo, wanakuja wengi na kelele haziishi. Nimekufungia ming'oko na korosho za kubangua mwenyewe, mzigo unaondoka na basi la kesho alfajiri. Jina lako liko juu ya boksi, kauchukue Mbagala kabla kondakta hajaanza kuonja. Nisalimie Nasra na baba yake.

Ni mimi shoga yako,
Mama Shani