Msituuzie unga wa kuku kwa ng'ombe wa maziwa

Mheshimiwa Mhariri,

Miaka 11 nasoma gazeti lako na sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo imenibidi, kwa ile habari yenu ya mwezi uliopita kuhusu unga wa asidi amino, yaani vile vijenzi vya protini. Mlisema methionini na lisini zinaongeza maziwa, mkaishia hapo. Ng'ombe yupi, na unga upi?

Mimi yameshanifika. Mwaka jana duka moja la dawa za mifugo hapa Pemba liliniuzia kopo la methionini, na muuzaji akaapa kuwa wiki haitapita kabla sijaona. Siku 21 nilimchanganyia ng'ombe wangu kwenye pumba, kila alfajiri nikipima: lita 6, 6, 6 na nusu, 6. Bwana mifugo alipokuja akalisoma kopo, akaniambia hii ni ya kuku. Tumbo la kwanza la ng'ombe limejaa vijidudu, na methionini tupu vinaivunjavunja kabla haijafika kwenye utumbo mdogo. Ya ng'ombe huvikwa utando ili ipenye salama, na hata hiyo hufaa pale mnyama anapokuwa amekwisha kupata chakula cha kutosha. Tena mara nyingi faida yake huonekana kwenye protini ya maziwa kuliko kwenye wingi wa lita. Wangu alikuwa anakula majani makavu na pumba ambazo nusu yake ni kumvi, maganda matupu ya mpunga! Pesa za ada ya mtoto nimelishia vijidudu, Mhariri, na gazeti langu linawaambia wenzangu wakafanye vivyo hivyo.

Nilimrudishia chakula: majani ya gilirisidia ya uani, chicha ya nazi, na unga wa dagaa kidogo. Akafika lita 8. Lisini na methionini zimo ndani ya dagaa. Lakini dagaa wazuri wanapakiwa magunia kwa magunia kwenda Kongo, sisi tunaachiwa waliojaa mchanga kwa bei ile ile. Hilo nalo liandikeni.

Ninaloomba ni hili. Kila polo la pumba linaloshushwa Wete au Mkoani lishonewe karatasi inayotaja protini yake, na muuzaji awe na ndoo ya maji. Amimine kibaba kimoja mbele ya mnunuzi, akoroge, wasubiri. Kumvi huelea. Zikizidi robo ya kibaba, polo lirudi lilikotoka na nauli alipe yeye.

Mfugaji,
Ole, Pemba