Barua ya wazi kwa vijana wetu wa yoga: neema hailipiwi kwa simu

Wanangu, shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Nimeona kwenye grupu mnachangishana hela za kumlipa yule guru (mwalimu wa kiroho) wa mtandaoni, eti Jumapili usiku atawashushia shaktipata, yaani nguvu ya neema inayomshukia mtu, kwa zoom, mfumbe macho mkae, ukitetemeka basi ujue imeingia. Sijakasirika, ila someni mpaka mwisho kabla hamjanijibu kwa emoji.

Neema kwenye yoga ipo tena ya zamani sana. Patanjali, mwandishi wa Yoga Sutra, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kutuliza akili tu, anasema njia mojawapo ni kujikabidhi kwa Ishvara, yaani Bwana Mungu, na Vyasa aliyemfafanua anaongeza kwamba Ishvara akivutwa na ibada ya mtu humneemesha kwa kumtakia tu, basi. Watu wa Shiva, wale Wahindu wanaomwabudu kama Mungu mkuu, ndio wanaliweka jambo hili mbele kabisa, kwao Shiva ana kazi tano, kuumba, kutunza, kuangamiza, kuficha na kuneemesha. Ile sanamu ya Nataraja, Shiva akicheza ngoma, mnayoipiga picha mnaweka status, hebu iangalieni vizuri leo. Mkono mmoja wa nyuma una kangoma, huo ni uumbaji, mwingine una moto, wa mbele kulia umeonyesha kiganja, yaani usiogope. Mguu wa kulia umemkanyaga kijitu, Watamili wanasema hapo ndipo anapoficha, na ule wa kushoto ulioinuliwa hewani ndio neema, sasa fuata mkono wa kushoto wa mbele, umepita kifuani unaelekea chini, unauonyesha mguu huohuo.

Wenyewe kwa wenyewe wamebishana sana neema inakujaje. Shaiva Siddhanta, moja ya madhehebu ya Shiva, wanasema uchafu uliofunika roho ni kitu kabisa, kama mtoto wa jicho, kwa hiyo kujua tu kwamba unao hakukuponyi, lazima ukatwe, na anayekata ni Shiva kwa mkono wa guru siku ya diksha, yaani kuingizwa rasmi kwenye njia, ila mpaka uchafu huo uwe umeiva. Akaja Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Shiva kule Kashmir, karibu mwaka 1000, kwenye kitabu chake Tantraloka sura ya 13 akawauliza, haya, huo uchafu unaivishwa na nini? Mkisema matendo ya mtu, basi neema imekuwa mshahara, mkisema ni Shiva mwenyewe, si mngesema hivyo tangu mwanzo? Mimi hapo niko upande wake moja kwa moja. Kwake Shiva yuko huru, hadaiwi na mtu, hata uamke saa 10 usiku miaka 20 ukihesabu pumzi huwezi kumpelekea bili.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo mazoezi ya nini? Ndio maana nimeandika. Abhinavagupta anaipanga neema kwa ngazi 9, kutoka kali kabisa mpaka hafifu. Ile ya kwanza kali mno, mwili hauistahimili, mtu anaachana nao hapohapo, sidhani kama kuna anayeitaka Jumapili. Ya pili mtu anafunguka mwenyewe ndani bila mwalimu. Na ya tatu, ambayo bado iko kwenye kundi la zile kali, unajua ni ipi? Mtu anapata hamu ya kumwendea mwalimu wa kweli. Hamu tu! Yaani hicho kinachowatoa kitandani Jumamosi alfajiri mje kwenye mkeka wakati wenzenu wamelala, hicho kinachowafanya mpaka mnachanga hela mlizozipata kwa shida, huenda ndicho mnachotaka kwenda kukinunua.

Kutetemeka kumo kwenye vitabu, sikatai, kitabu cha tantra kiitwacho Malinivijayottara kinataja raha, kuruka, kutetemeka, usingizi na kizunguzungu (usingizi msiufurahie sana nyie mnaokoroma kwenye shavasana, lile pozi la kulala chali). Lakini kitabu hichohicho kikitaja dalili za aliyeingiwa na nguvu ya Rudra, jina jingine la Shiva, ya kwanza kabisa ni ibada isiyoyumba. Hiyo haionekani kwa zoom, inaonekana baada ya miaka, tena wanaoiona ni watu unaoishi nao.

Wala sisemi walimu wote ni matapeli. Muktananda aliyeitangaza shaktipata Marekani na Ulaya miaka ya 1970 alishazunguka India miaka mingi kabla hajaipata kwa Nityananda wa Ganeshpuri mwaka 1947. Na Abhinavagupta anaruhusu kabisa mwanafunzi ahame kutoka guru mmoja kwenda mwingine kama nyuki kwenye maua, hata ukianzia kwa guru wa uongo anasema neema inaweza kukutoa hapo ikakupeleka kwa wa kweli. Kwa hiyo atakayetaka kwenda Jumapili aende, simfukuzi mtu, ila aende kwa hela yake.

Hizo mlizokwisha kuchanga, aliyezishika amrudishie kila mtu chake kabla ya Jumamosi, tusije tukagombana kwa ajili ya neema.